Wiki Mia na Nne

Mfuko ulimwagwa mezani mbele ya watu wote. Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, kiwanda cha sare kimefunga nusu siku, na wafanyakazi walikuwa wamejipanga langoni wakisubiri kukaguliwa. Vikatoka chupa ya maji, chanuo, mkate uliofungwa kwenye karatasi, na vipande vya vitambaa vya buluu, vya kijivu na vya rangi ya damu ya mzee, vingi vyao havizidi kiganja cha mtoto.

"Hivi ni nini?" msimamizi aliuliza, ingawa alivijua vizuri. Mwaka mzima na nusu alikuwa akiviona na kuvipitisha. Lakini wiki hiyo mwenye kiwanda alikuwa amemfokea kwa sababu ya robota la kitambaa lililopungua, naye alikuwa anatafuta wa kumfokea.

"Makombo ya mkasi," akajibu yule mwanamke. "Huwa yanatupwa."

"Ya kutupwa yanatupwa na kiwanda. Hayatupwi na wewe, Kola."

Wote walimwita Kola, kwa kuwa miaka tisa alikuwa akishona kola za mashati ya wanafunzi. Kola tu, hata mkono wa shati hakuwahi kuugusa. Foleni nyuma yake ikacheka kidogo, kicheko cha watu wenye njaa wanaotaka kwenda kwao. Msimamizi akavisukumia vile vipande kwenye pipa kwa kiganja, kama mtu anayefagia makombo ya mezani. Kola akaokota chanuo na mkate wake.

Nje ya lango shoga yake wa mashine ya vifungo, ambaye naye kwa sababu hiyohiyo aliitwa Kifungo, akamshika kiwiko.

"Mwache huyo. Aliyepigwa na mkubwa wake hutafuta mdogo wa kumpokeza."

"Leo ni kiraka cha themanini na mbili," Kola akasema. "Nitashona nini?"

"Shona usingizi. Nenda kalale! Hivi wewe huchoki? Mimi zamani ningeshanunua blanketi, nikaishia hapo."

Kuchoka, Kola alichoka, na aliyemwuliza hakuwa wa kwanza.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa ameondoka kwa mkataba wa miaka miwili, kwenda kwenye ujenzi wa nchi ya mbali, na Jumamosi ya kwanza baada ya kuondoka kwake Kola alishindwa kukaa, akashindwa kusimama. Akachukua mkasi. Akakata pembetatu kumi na sita za makombo ya sare, akaziunga kwa mkono mpaka zikawa kiraka kimoja cha inchi saba kila upande. Kisha akapiga hesabu. Miaka miwili ni wiki mia moja na nne. Viraka vinane kwa upana, kumi na vitatu kwa urefu, jumla mia na nne. Kila Jumamosi kiraka kimoja. Siku kiraka cha mwisho kitakapoungwa, mume atakuwa mlangoni, na kitanda chao cha futi nne kitakuwa na mfarishi, lile shuka zito la viraka ambalo mtu hulinunua dukani au hulipata kwa uvumilivu.

Mstari wa kwanza alishona huku akiimba. Mstari wa tatu vidole vikaanza kuota sugu. Mstari wa tano aliuchukia. Jioni moja aliutandaza kitandani akaona sehemu aliyoimaliza imefika magotini tu, na iliyobaki ni godoro tupu. Akakaa pembeni akalia kwa hasira. Ni mama mkwe aliyeukunja ule mfarishi, akautia ndani ya foronya na kuifunga kwa uzi.

"Usiutandaze tena," alimwambia. "Mimi nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini. Ningekuwa naangalia lundo, ningekufa mwaka wa kwanza. Niliangalia shuka lililo mkononi. Shona kilicho mkononi, mwanangu. Vilivyobaki havikuhusu."

Tangu hapo Kola alifanya hivyo. Foronya ilifunguliwa tu kila mstari ulipotimia, na chai ya Jumamosi haikunywewa kabla ya pembetatu ya nane. Kwa hila ndogondogo kama hizo akafika mstari wa kumi na moja.

*

Mama mkwe alikuwa amekaa dirishani, pahali pake pa kila siku, akichambua maharage kwa kuyapapasa zaidi ya kuyaona. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa likimsikitikia mwenzake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na pale dirishani ndipo palipokuwa na mwanga mwingi. Kwa hiyo ndipo walipokaa wote wawili, magoti karibu yagusane.

"Mbona kimya? Umegombana na mashine?"

"Wamevitupa vitambaa vyangu, mama. Mbele ya watu. Kama mwizi."

Mama mkwe akaacha maharage. Kisha akainuka, akashika ukuta mpaka chumbani kwake, akarudi na gauni la zambarau ambalo Kola alikuwa ameliona likivaliwa mara tatu tu.

"Kata."

"Mama, hili ni gauni lako la kutokea."

"Nitatokea kwenda wapi? Kata upindo, mpaka hapa. Gauni refu la nini kwa kikongwe, nifagilie barabara?"

Kola akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akakata. Aliona mama mkwe akigeuza uso dirishani mkasi ulipopita, akadhani anatafuta mwanga. Alipomaliza kiraka cha themanini na mbili, zambarau katikati ya makombo machache ya kijivu yaliyosalia, alimwinamia yule mzee akambusu kichwani.

"Mama mwingine angeniacha nishone hewa."

"Nyamaza," mama mkwe akasema. "Kunywa chai yako."

*

Wiki sita baadaye, Jumapili mchana, simu ililia kama ilivyolia kila Jumapili. Waliiegemeza kwenye kopo la sukari na kuifungua sauti ili wasikie wote. Jana yake kiraka cha themanini na nane kilikuwa kimetimiza mstari wa kumi na moja, na mfarishi ulikuwa umetolewa kwenye foronya, umelazwa kwenye kiti cha tatu kama mgeni.

"Imebaki mistari miwili tu," Kola alimwambia mumewe kabla hata ya salamu kwisha. "Kumi na sita. Miezi minne hata haifiki."

"Hongera." Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa mashine na watu wakiitana. "Mke wangu, kuna jambo nilitaka kukwambia. Si baya."

"Sema."

"Wameniongezea mwaka."

Kola akaangalia simu. "Wamekuongezea, au umeongeza?"

"Nimetia sahihi." Akakohoa. "Sikiliza kwanza. Wamenifanya mkuu wa kikosi. Watu kumi na wanne wako chini yangu. Huku nikisema chuma hiki kikatwe, kinakatwa. Huko nyumbani nilikuwa nani? Nilikuwa wa kuchomelea mageti ya watu, nakaa kivulini nangoja kuitwa. Ni mwaka mmoja tu. Mwaka ni kitu gani?"

"Ni viraka hamsini na viwili," Kola akasema.

"Unasemaje?"

"Ulitia sahihi lini?"

"Ah, ni kitambo kidogo. Kwani mama hakukwambia?"

Mngurumo wa mashine ukaendelea ndani ya simu. Kola akageuza uso taratibu. Mama mkwe alikuwa ameinamia sinia la maharage, kidole kimezama humo, hakichambui chochote.

"Haloo? Mnanisikia?"

"Tunakusikia," Kola akasema, akaikata.

Kuku wa jirani walikuwa wakiparua nje chini ya dirisha. Kola akaisukuma simu kando ya kopo la sukari.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya gauni. Alipiga asubuhi, ukiwa kazini."

Kola akautazama mfarishi. Kile kiraka cha zambarau kilikuwa cha pili katika mstari wa mwisho. Ndicho alichokipenda kuliko vyote. Alikuwa amemwonyesha Kifungo picha yake, akamwambia, "Wakwe za wenzangu wanawanyima hata chumvi." Akaukunja, si kwa kuupiga wala kwa kuutupa, bali kwa uangalifu, pindo juu ya pindo, akautia ndani ya foronya na kuisukuma kwa mguu hadi chini kabisa ya uvungu wa kitanda.

*

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa na watu wawili na kimya cha tatu. Walisemezana yasiyoepukika tu.

"Maji yamechemka."

"Nimesikia."

"Kuna mtu aliulizia ngazi."

"Mpe."

Kiwandani mashine arobaini zilinguruma, na Kola alikuwa peke yake katikati yake. Siku mbili mfululizo kola zake zilirudishwa kwa kupinda, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Msimamizi alimwinulia moja mbele ya wenzake, akaipeperusha. "Hii ni ya mtoto mwenye shingo ya upande?" Watu wakacheka. Kola akaipokea, akaifumua.

"Mwambie akulipe," Kifungo alimnong'oneza wakati wa chakula.

"Nani?"

"Mumeo. Kumngoja mtu ni kazi. Tena kazi isiyo na likizo."

Jumamosi ilipofika alirudi nyumbani, akasimama katikati ya chumba asijue mikono aiweke wapi. Hakuwa amejua kwamba ni kile kiraka kilichokuwa kimeishikilia Jumamosi isimwangukie. Alifua vilivyokuwa safi. Akapanga vyombo, akavipanga upya. Saa kumi alikuwa amemaliza kazi zote za dunia na jua bado liko juu. Akampigia dada yake, aliyeishi mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi.

"Njoo," dada akasema hata kabla hajamaliza kueleza. "Chumba cha uani kitupu. Na karakana ya nguo ya hapa inatafuta mkata vitambaa. Kukata, si kola! Huyo mama ana mwanawe, atamtunza. Wewe huna ulilobakiza hapo."

"Subira yavuta heri, si ndivyo mlivyokuwa mnaniambia?"

"Kamba ikivutwa sana hukatika, mdogo wangu. Njoo."

Kola akasema atafikiri. Ila alipokata simu alikuwa ameshapanga moyoni kwamba Jumamosi inayofuata atakusanya vitu vyake. Kupitia ukuta alisikia redio ya mama mkwe ikitoa habari za hali ya hewa, na yule mzee akiijibu kwa sauti ndogo, "Sawa. Ahsante." Alikuwa akiongea na redio. Kola alikaza moyo.

*

Jumamosi hiyo alirudi mapema, na begi jipya mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa dirishani, na mapajani mwake ulikuwepo mfarishi. Foronya ilikuwa sakafuni, imejaa vumbi la uvunguni. Alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kugusa kitambaa, sindano mkononi, akishona.

"Unafanya nini?"

Yule mzee akashtuka, akajichoma. Akatia kidole mdomoni kama mtoto. "Nashona wiki," akasema.

Kola akasogea. Zilikuwa pembetatu, au zilikusudiwa kuwa pembetatu, zimeungwa migongo nje, nyingine imegeuzwa kichwa chini. Uzi ulikuwa mwekundu juu ya kitambaa cha kijivu. Palikuwa na madoa matatu ya damu.

"Uliingiaje uvunguni na magoti hayo?"

"Kwa kulala chini. Kutoka ndiko kulikonishinda, nikakaa humo nusu saa." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likamwishia njiani. "Ulipoacha, sikujua tena leo ni wiki ya ngapi. Ulidhani unahesabu wewe peke yako? Mimi ndiye niliyemzaa. Kila ulipokata uzi mwishoni mwa kiraka, nilisema moyoni, haya, wiki nyingine hiyo imepita. Sasa zimepita wiki mbili hazina kitu."

Kola akaliweka begi chini. Mama mkwe alilisikia likitua. Macho yake hayakuliona vizuri, lakini masikio yalikuwa mazima, na sauti ya begi tupu hata kipofu anaijua.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Aliniomba nimwachie aseme mwenyewe. Aliona aibu."

"Hiyo ni sababu yake. Nataka yako."

Mama mkwe akakizungusha kile kidole kilichochomwa.

"Ungesikia, ungekwenda. Una haki ya kwenda, una dada, una mikono. Ungekwenda, mimi ningebaki hapa na redio. Nikasema, acha apate raha mpaka kiraka hiki kiishe. Kikaisha, nikasema kingine. Nimekuibia wiki sita, mwanangu. Wiki zilikuwa zako nami nikazila. Gauni nilikupa ili nisijisikie mwizi."

"Na ulijisikiaje?"

"Mwizi mwenye gauni fupi."

Kola hakucheka, ingawa kicheko kilimfika kooni. Wala hakusema amesamehe, kwa sababu hakuwa amesamehe. Alivuta kiti akakaa, akamnyang'anya kile kiraka na kuchukua mkasi mdogo.

"Kimepinda."

"Najua kimepinda. Jicho lenyewe limepinda."

Akakifumua chote, uzi mmoja mmoja, mpaka zikabaki pembetatu kumi na sita za kijivu zenye matundu. Kisha akainuka, akaenda chumbani. Nyuma ya mlango ilikuwa imening'inia ovaroli ya kazi ya mumewe, ya buluu iliyokolea, aliyoiacha kwa kuwa huko angepewa mpya. Tangu aondoke hakuna aliyeifua. Kola alikuwa na kawaida ya kuegemeza paji la uso hapo asubuhi kabla ya kwenda kazini, na hakuna aliyejua. Akaishusha. Akarudi nayo dirishani, akaitandaza mezani, akaikata toka bega hadi kifundo.

Mama mkwe alisikia mkasi ukitafuna kitambaa kigumu. Akanyoosha mkono, akapapasa. Akakuta kifungo cha chuma. Akajua.

"Akirudi atavaa nini kazini?"

"Akirudi atajua mwenyewe."

Alikata miraba kumi na sita, mizima, kila mmoja inchi saba na nafasi ya mshono, bila pembetatu wala urembo. Mingine ilikuwa na vitundu vidogo vilivyochomwa na cheche.

"Hatuhesabu tena, mama. Hii mistari miwili tunaimaliza wiki hii. Nyoosha kitambaa, nishikie huku."

Begi lilikaa pale lilipotua hadi Jumatatu, ndipo mtu akalisogeza ili kufagia.

*

Miraba iliungwa kwa siku sita. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kirefu: kuweka blanketi kuukuu katikati, shuka chini, viraka juu, na kuzipigia tabaka zote tatu bandi, ile mishono ya kushikiza, kwa mkono, toka pembe hadi pembe, ili zisicheze. Ilichukua wiki nne. Hapakuwa tena na tarehe ya kukimbilia, wala mtu wa kumaliza kwa ajili yake, na Kola aligundua kuwa ndivyo ilivyo vigumu zaidi. Zamani alipochoka alijiambia, anakuja. Sasa akichoka hakuwa na la kujiambia. Akawa anashona tu kwa sababu mshono uliotangulia upo na unaofuata haupo.

Mama mkwe alitia subana kidoleni na kusukuma sindano kwa upande wa chini, kwa kupapasa. Walikuwa wakipokezana sindano kupitia kitambaa bila kuonana mikono. Maneno yakaanza kurudi, kidogo kidogo, na kwa uangalifu, kama watu wanaotembea juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Dada ananiuliza kila siku," Kola alisema alasiri moja. "Ile kazi ya kukata bado ipo. Nimekubali."

Sindano ikasimama upande wa chini. "Ni vizuri. Kola zilikuwa zinakuua."

"Ukialikwa, utakuja?"

"Kwani naalikwa?"

"Naulizia."

"Na mimi naulizia basi. Huko kuna dirisha?"

"Kuna dirisha."

Sindano ikatokeza juu. Jioni ile, Kola alipokuwa akiosha vyombo, alimsikia mama mkwe akiiambia redio, "Wewe utakaa kwenye begi langu, usihofu," na yeye akasimama na sahani mkononi, maji yakichuruzika hadi kiwikoni. Haikuwa furaha iliyomshika. Ilikuwa kama mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu akiambiwa kwamba mwenzake naye amebeba. Mzigo haupungui, lakini njia si tupu.

*

Mwezi huo mtu wa kikosi cha mumewe alikuja likizo, akapita kuleta salamu siku chache kabla ya kurudi. Alikuwa mtu wa heshima, alikaa ukingoni mwa kiti na kuishika kofia yake magotini.

"Mkuu yuko salama, shemeji. Kazi anaiweza. Ila..." Akaangalia kofia. "Tunalala sita chumba kimoja. Wengine wanapiga soga, wanacheza karata. Yeye akitoka kazini anageukia ukutani. Na kule kuna baridi, msicheze. Blanketi la kampuni ni kama karatasi."

Uso wote wa mama mkwe uligeuka kumwelekea Kola.

Kola alikwenda chumbani. Mfarishi ulikuwa umetandikwa kwa siku tisa tu. Alisimama mbele yake akiwa amefumbata mikono. Siku hizo tisa alikuwa amelala chini yake vizuri kuliko miaka miwili yote, na aliujua kila mshono kwa vidole. Akauvua kitandani. Ulikuwa mzito kama mtu aliyelala usingizi. Akaukunja, akaufunga kwa kamba, akauleta.

"Utambebea?"

Yule mtu akaupokea kwa mikono miwili, akaubonyeza, akastaajabu. "Shemeji, huu umeshonwa kwa mkono?"

"Mwambie ni wiki mia na nne. Ajifunike."

Alasiri ile Kola aliketi juu ya kitanda kitupu, godoro likiwa wazi, na hakulia. Chumba kilionekana kikubwa. Alianza kupanga nguo katika lile begi jipya, na katika begi la pili, la mama mkwe, na akaona kuwa vitu vya watu wawili vilikuwa vichache kuliko alivyodhani.

*

Wiki iliyofuata simu ililia siku ya Alhamisi, si Jumapili. Kola alikuwa amekaa juu ya boksi la vyombo lililokwisha fungwa. Wangeondoka Jumamosi.

"Umefika," mumewe akasema. Hapakuwa na mngurumo nyuma yake. Alikuwa amejifungia mahali. "Mfarishi umefika."

"Vizuri."

"Nimeutandaza sakafuni. Wamekuja wote kuutazama. Hiki cha juu kabisa pembeni, cha buluu na kijivu, kilikuwa wiki gani?"

"Wiki uliyoondoka."

"Na hiki kilichoshonwa vibaya, chenye uzi mweupe?"

"Nilikuwa na homa. Mama alinishikia taa mchana kweupe kwa kuwa macho yangu yalikuwa hayaoni."

"Hukuniambia una homa."

"Ulipiga Jumapili. Nilikuwa nimepona."

Akaendelea kuuliza. Mstari wa tatu, mstari wa sita. Aliuliza kama mtu anayesoma barua zilizocheleweshwa zikamfikia zote siku moja, na Kola alimjibu kila kimoja, kwa utulivu, bila kumwongezea wala kumpunguzia. Wiki ya bomba kupasuka. Wiki ya Kifungo kufiwa na babake. Wiki ambazo hakuna lililotokea kabisa, nazo zilikuwa nyingi. Katika miaka miwili hawakuwahi kuongea kwa muda mrefu kama huo. Mama mkwe alisimama mlangoni akisikiliza, mkono ukutani.

"Na hii mistari miwili ya chini," mume akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yote ni rangi moja. Haina pembetatu. Nimeona matundu ya cheche. Ni ovaroli yangu?"

"Ni yako."

"Hivi vilikuwa wiki zipi?"

Kola alitazama ukuta, mahali ambapo mlango ulikuwa umeuchubua kwa kufunguliwa na kufungwa.

"Hivyo havina wiki," akasema. "Nilipovishona nilikuwa sikungoji tena."

Kola alimsikia akipumua. Alijua kuwa kama angetaka kumuumiza zaidi angeweza, na kwamba kama angetaka kumfariji angeweza pia, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Jumamosi tunahama," akamwambia. "Nimepata kazi ya kukata, mji wa dada. Mama anakuja nami."

"Mama amekubali?"

"Amekubali. Atakuelekeza nyumba ilipo."

"Na mimi je? Mkataba ukiisha?"

Kola akafikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni.

"Ukija, utabisha hodi," akasema. "Tutafungua. Ya ndani tutaongea ukiwa umekaa."

Akamnyooshea mama mkwe simu, akatoka nje kuanua nguo za kufunga kwenye begi.